Rangi za Kilo Moja

Butembo, 9 Machi 2025

Mama Laurence,

Nimefika. Usiulize njia niliyopita, maana hata mimi sipendi kuikumbuka. Huyu mama anayekupa barua hii anaitwa Kasoki, jirani ya dada yangu hapa. Anauza vitenge na sabuni, anazunguka kupitia Uganda hadi Bunagana, kisha anashuka Goma na mizigo yake. Barua anaikunja ndani ya vitenge. Umwamini yeye peke yake. Simu yangu niliitupa kabla ya mpaka, na wewe usipige namba yoyote ya huku, kwa sababu kwenye bariyeri, vile vizuizi vya barabarani, wanafungua simu za watu na kusoma hadi mialiko ya harusi.

Niseme mara moja kwa nini nimeondoka, ili tusije tukawa na maneno mawili. Wale vijana waliokuwa wanalinda mtaa kabla mji haujaingia mikononi mwa hawa wanaotawala sasa waliniletea redio zao za mkononi, zile motorola, nikazitengeneza. Kwangu ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Sasa yule mkubwa wao wa pale ofisini anauliza jina langu kila anapokutana na mtu wa mtaa wetu wa Ndosho. Siku hizi fundi wa redio anaonekana mpelelezi hata akiwa amelala. Wakija, sema nimekwenda Lubero kuzika mama yangu. Mama atanisamehe, alishakufa zamani.

Ateliye, karakana yangu, uifunge. Vyombo vya wateja uwarudishie vilivyo. Usishike fer, ile pasi ya kulehemu, usichomelee kitu. Najua utasema umenitazama nikifanya kazi tangu tuoane. Kutazama na kufanya ni vitu viwili. Unakumbuka nilipokuomba rezistansi ya kilo moja, ile yenye mistari ya rangi, ya omu elfu, ukanipa ya kilo mbili, ukaapa kwamba zote ni "nyekundu, nyeusi, nyekundu"? Kwenu Masisi marron, rangi ya kahawia, ni nyekundu, orange ni nyekundu, hata mbwa wa jirani ni mwekundu. Nilicheka mpaka machozi, lakini poste, redio ya mteja, haina utani.

Mbusu Laurence. Barua hii uichome.

Julien


Goma, Ndosho, 2 Aprili 2025

Papa Laurence,

Nimeichoma, lakini si siku ileile. Niliibeba kwanza kifuani, nikapika nayo, nikaenda nayo misa.

Walikuja. Walikuwa wawili, wenye adabu, ile adabu ya kutia baridi. Mmoja akaniuliza: "Mama, bwana yako iko wapi?" Nikasema: "Alienda kuzika mama yake." "Atarudia lini?" "Weye unajua matanga ya Banande, watu yake, haiishake." Akacheka. Mwenzake hakucheka. Alishika tournevis, bisibisi yako moja, pale ukutani, akaizungusha vidoleni, kisha akairudisha kwenye msumari wake uleule. Hilo ndilo lililonitisha. Mtu anayerudisha kitu mahali pake amekuja kutazama, na atarudi aone kilichosogea.

Kwa hiyo ateliye sikuifunga, na usinikasirikie. Mlango uliofungwa ungewaambia kwamba mwenyewe kakimbia. Kila asubuhi ninafungua, ninaweka kiti nje, ninafuta vumbi la volkano kwenye meza yako kama mtu anayemsubiri mumewe kesho. Na kwa sababu mlango uko wazi, watu wanaingia. Papa Cyprien, shefu wa avenyi, mkuu wa mtaa wetu, ameleta ampli ya parokia, ile ya kukuza sauti. Upande mmoja unaimba, mwingine kimya, na kwaya inajiandaa kwa Pasaka. Nilimwambia fundi hayupo. Akanijibu: "Jaribu tu, mama. Ikikufa, ilishaka kufa."

Nimeifungua. Usipige kelele huko. Kuna rezistansi moja imeungua, nyeusi yote, rangi hazionekani. Karibu yake kuna kondansateri kubwa iliyovimba kichwani kama mandazi. Nifundishe, Julien. Nifundishe kwa barua kama hukupata muda wa kunifundisha mezani.

Kitu kingine. Kasoki anasema umenenepa. Nimefurahi nusu. Nusu nyingine inauliza nani anapika.

Olive wako


Butembo, 27 Aprili 2025

Mama Laurence,

Anayepika ni dada yangu, na anatia chumvi nyingi mpaka midomo inachubuka. Uliza Kasoki akuambie.

Lakini nani alikuambia ufungue ampli? Na kwa nini Cyprien aliileta kwako, wakati kuna mafundi njia nzima mpaka rond-point? Shefu wa avenyi anakula na kila anayetawala. Ampli inaweza kuwa sababu ya kukaa kwenye kiti chako na kutazama nani anaingia. Mpe maji, mpe salamu, usimpe maneno.

Nitakufundisha kwa sababu najua utaendelea hata nikikataa. Ile kondansateri iliyovimba ina mstari pembeni: upande wa mstari ndio hasi. Ukiigeuza itapasuka, na usiwe umeiinamia. Thamani imeandikwa ubavuni, usiweke yenye volti pungufu. Zile bapa ndogo za rangi ya udongo zina tarakimu tatu tu. Ukiona 104, si mia na nne: ni kumi na sifuri nne nyuma yake.

Rezistansi zinasomwa kuanzia upande ulio mbali na mstari wa dhahabu. Rangi mbili za kwanza ni tarakimu, ya tatu ni idadi ya sifuri. Noir, nyeusi, ni sifuri, marron moja, rouge, nyekundu yenyewe, mbili, orange tatu, jaune, njano, nne, vert tano, bleu sita, violet saba, gris nane, blanc tisa. Kwa hiyo kilo moja ni marron, noir, rouge: moja, sifuri, kisha sifuri mbili. Sasa fikiria wewe na "nyekundu" yako. Ukisema nyekundu mara tatu, mimi sijui kama umesema mia na kumi, au elfu mbili na mia mbili, au elfu thelathini na tatu. Yote yanaingia kinywani mwako kwa neno moja.

Ile iliyoungua iache. Rezistansi iliyopata moto inadanganya, rouge inageuka marron, jaune inageuka kitu kisicho na jina. Mwambie Cyprien haiwezekani.

Je, kuna mtu anakaa nawe pale mezani? Kasoki alinyamaza nilipomuuliza, nami sikupenda alivyonyamaza.

Julien


Goma, Ndosho, 8 Juni 2025

Papa Laurence,

Ampli inaimba pande zote mbili. Soma tena sentensi hiyo, mimi nimeiandika polepole ili niionje.

Pasaka ilitupita, lakini Pentekoste tuliiwahi. Kondansateri ya kwanza niliigeuza, ikapasuka, Laurence akakimbia hadi kwa jirani akisema mama amepigwa risasi. Ya pili niliiweka sawa. Kuhusu rezistansi iliyoungua, nilikaa nikaitazama karte, ile sahani ya kijani ya ndani, nikaona kwamba ampli ni mapacha: kilichoko kushoto kiko na kulia. Nikatafuta pacha wa ile iliyoungua upande uliokuwa mzima. Jaune, violet, noir. Arobaini na saba. Nilipima na multimetre yako, ikakubali. Tangu hapo wanaleta chaja, wanaleta poste. Juzi nilitoa rezistansi ya marron, noir, rouge kwenye poste mbovu nikaiweka kwenye nzima bila hata kufikiri. Nimejifunza kwa njia yangu. Sitakuambia ni njia gani, nataka uione kwa macho ukirudi.

Na hilo ndilo neno kubwa la barua hii: urudi. Yule mkubwa aliyekuwa anauliza jina lako ameondolewa, amepelekwa mbali, na waliokuja baada yake hawakujui. Papa Cyprien aliuliza kwa ujanja wake. Akaniambia: "Ule mutu alisha enda, mama. Na karatasi zake alienda nazo. Mwambie bwana yako arudie, hakuna mutu anamutafuta." Nilimuuliza tena siku nyingine, kwa upande mwingine, akasema vilevile.

Njoo, Julien. Usipite usiku wala porini. Panda gari kama watu, shuka Ndosho mchana, majirani wakuone.

Hakuna anayekaa nami mezani. Kasoki hunyamaza kwa sababu wewe unamuuliza kama polisi.

Olive


Butembo, 29 Juni 2025

Olive,

Nimepata barua. Nimeisoma mara nyingi.

Kabla sijapanga safari, nataka unijibu jambo moja dogo. Chukua rezistansi ya kilo moja kutoka kwenye kisanduku changu. Iweke mbele yako. Niandikie rangi zake unavyoziona wewe, bila kuuliza mtu na bila kutazama barua yangu ya zamani. Uandike kwa mkono wako.

Ni hilo tu.

J.


Goma, Ndosho, 20 Julai 2025

Julien,

Ninakuita hivyo kwa sababu umeniita Olive. Tangu Laurence azaliwe hujawahi kuniita Olive, isipokuwa ile siku niliyomwaga asidi ya betri kwenye suruali yako ya ndoa.

Marron, noir, rouge, na dhahabu mwishoni. Umeridhika? Mimi ninakuambia mji umetulia kwako, mtoto anauliza baba yake kila akisikia moto, pikipiki ya abiria, ikisimama, na wewe unanipa swali la shule kama mwalimu anayemshuku mwanafunzi kwa kunakili. Ulidhani nilikudanganya kuhusu ampli? Uliza kwaya nzima.

Basi na mimi niseme langu. Barua yako haina salamu kwa Laurence. Haina chumvi ya dada yako, haina utani hata mmoja. Umeweka J. tu chini, kama mtu aliyebanwa na muda au anayeona aibu. Nilimkalisha Kasoki nikamuuliza uso kwa uso kama kuna mwanamke. Akafunga vitenge vyake akisema: "Miye niko ya kubeba tu." Mwanamke anayesema hivyo anajua kitu.

Mtu anayetaka kurudi nyumbani anarudi. Asiyetaka anatafuta maswali. Kama una nyumba nyingine huko Butembo, niandikie waziwazi. Nitalia, nitapika, nitafungua ateliye. Ninachoshindwa ni kukaa hapa nikimtetea kwa majirani mtu asiyekuja.

Laurence anakohoa kidogo, usijali. Au ujali, itakuwa vema zaidi.

Olive


Butembo, 10 Agosti 2025

Kwako wewe unayeandika kwa jina la mke wangu,

Sijui jina lako wala cheo chako. Najua kwamba mke wangu hakuandika barua ya Juni, wala hii ya Julai, au kama aliandika, wewe ulikuwa umesimama nyuma yake ukimwambia la kusema.

Mwandiko umelala upande, wakati wake husimama wima. Hilo peke yake ningelisamehe. Lakini mke wangu hajasema "marron" hata siku moja maishani. Kwao Masisi ng'ombe wa rangi hiyo ni ng'ombe mwekundu, udongo ni mwekundu, maharage ni mekundu, na rezistansi ya kilo moja ni nyekundu, nyeusi, nyekundu. Tumegombana kwa hilo, tumecheka kwa hilo, na mezani pangu nilishakata tamaa. Nilipouliza, nilitaka anijibu kwa kosa lake. Ningeliona kosa lake ningepanda gari siku hiyohiyo. Wewe umenijibu sawasawa, kama fundi. Nimejua hapo kwamba mko na fundi wenu ameketi kwenye kiti changu, na kwamba "njoo mchana, majirani wakuone" ni mtego.

Sikulaumu. Kila mtu ana kazi yake. Ninaomba tu umwache yule mama na mtoto wangu. Wao hawajui kitu. Ni mimi niliyetengeneza zile motorola, zote, kwa mikono yangu, na niliowatengenezea ninawajua kwa sura. Kama mnanitaka, nitakuja mwenyewe. Sitapita Ndosho. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu nitajitokeza kwenye bariyeri ya Kibumba, njiani kabla ya Goma, nitasema jina langu. Nikishajitoa, hamna tena sababu ya kumshika yeye.

Kama una mke, utanielewa. Kama mnampa kalamu mara nyingine, mwambieni kwamba nilitaka kurudi tangu siku ya kwanza, na kwamba huku hakuna mwanamke.

Julien, fundi wa redio wa Ndosho


Goma, Ndosho, Jumamosi asubuhi, 30 Agosti 2025

Julien! Julien, ni mimi!

Ni mimi, Olive, hakuna mtu nyuma yangu zaidi ya Laurence aliyelala na dripu ya serumu mkononi. Malaria imempanda tangu Alhamisi, tuko kituo cha afya, ndiyo sababu sikukimbia Kibumba mwenyewe. Kasoki alikwama mpakani, barua yako nimeipata sasa hivi. Nimemsukuma arudi nayo hii kwa moto ya kukodi. Ikikukuta kabla ya bariyeri, geuka. Geuka, usiseme jina lako kwa mtu yeyote!

Hakuna fundi wao kitini mwako. Fundi ni mimi. Nilisema marron kwa sababu nimejifunza kuiona marron. Ile njia yangu niliyokuficha nikitaka kukushangaza ni hii: niliweka dirishani punje ya harage, nyanya, na kifuniko chenye mafuta ya mawese. Kila rezistansi niliipitisha hapo mwangani. Harage moja, nyanya mbili, mawese tatu. Laurence alikuwa ananihoji kila jioni tukisonga fufu, na nikikosea ananicheka kama wewe. Nilifikiri utarudi, utaniomba ya kilo moja kwa kunichokoza, nitakupa ya kilo moja, na uso wako ndio ungekuwa sikukuu yangu.

Mwandiko umelala kwa sababu nilishika fer upande wa moto. Vidole viwili viliungua, nikawa ninaandika na kitambaa mkononi. Sikukuambia ili usiniambie "nilikuambia usishike."

Uliwaza yote, Julien. Uliwaza mtego, ukawaza askari mwenye kalamu, ukamwaza na mke wake. Hukuwaza hata kidogo kwamba mimi naweza kujifunza. Nina hasira nawe, na kama ungekuwa hapa ningekushika shati nisikuachie. Geuka.

Olive


Goma, Himbi, 11 Septemba 2025

Mpenzi Olive,

Niko salama. Ninatengeneza redio. Ninakula vizuri. Usinitafute na usiulize watu.

Mpe anayeleta barua hii fer yangu, etain ya kulehemu, na rezistansi za kilo moja: marron, noir, rouge.

Julien


Goma, Ndosho, 12 Septemba 2025

Papa Laurence,

Nakuita hivyo nikitumaini kwamba ndiye anayesoma.

Laurence amepona. Anakula, anasumbua, yuko hapa anachora mgongoni mwa katoni ya poste.

Kasoki alifika Kibumba akakuta umeshashuka garini. Hakuweza kukukaribia. Alisimama na wauza karoti, akasikia yote, na alipokuwa akinisimulia alikuwa analia kwa hasira. Anasema ulikwenda moja kwa moja kwa yule kijana wa bariyeri ukamwambia: "Niko ule munatafuta." Akakutazama. "Weye ni nani?" Ukataja jina. Akauliza wenzake, nao wakatikisa vichwa. Akakuambia: "Muzee, hatutafute mutu. Panda gari yako." Alikuambia upande gari, Julien! Gari lilikuwa linakusubiri. Nawe ukabaki pale ukiwaeleza habari za motorola, ukidhani wanakuchezea, mpaka mmoja aliyekuwa ameketi kivulini akainuka akauliza: "Unajua kutengeneza motorola? Kuja." Ukaenda naye, na Kasoki hakukuona tena.

Barua yangu ya Jumamosi Kasoki alinirudishia haijafunguliwa. Naiambatisha na hii.

Sasa hii ya jana. Aliyeileta ni kijana mpole, anaitwa Gentil, amekaa nje kwenye kiti anasubiri nimalize kuandika. Nimeisoma mpaka karatasi imelegea. "Mpenzi Olive." Katika ndoa yetu yote hukuniita mpenzi, hata ulipokuwa unanichumbia. Humtaji Laurence, na ulijua kutoka kwangu kwamba anakohoa. Kisha umeandika marron, noir, rouge. Je, umeona pale bariyeri kwamba sikukudanganya, na ndivyo unavyoniomba msamaha mbele ya watu wasiotakiwa kujua? Au kuna mtu alisoma karatasi zako, akaona maneno hayo yana uzito kati yetu, akayaweka ili niamini? Nimepima pande zote mbili na sioni tofauti. Mwandiko unafanana na wako. Na wangu, nilipoungua, haukufanana na wangu.

Ona ulipotufikisha. Nilikucheka moyoni kwamba unamtafuta mtu mwingine ndani ya barua za mke wako. Leo mimi ndiye ninayeshika barua yako kwenye mwanga wa dirisha nikikutafuta wewe, na sikuoni. Inauma, Julien. Inauma kuliko mwanamke wa Butembo niliyemwogopa bure.

Na wewe unayeifungua hii kabla yake, sitakubembeleza wala sitakutukana. Kama yuko hai, mwache aisome yeye mwenyewe. Nami nitaijua nyumba hiyo, kwa sababu mtu anayekuja na moto kutoka Himbi anarudi Himbi, na moto inafuatwa na moto nyingine. Kasoki amekwisha kukodi.

Fer sitaituma. Sitatuma etain wala rezistansi hata moja. Kama kuna kazi ya fundi humo ndani, mwambieni mlinzi kwamba fundi wa Ndosho anazileta zana zake mwenyewe, na kwamba ni mwanamke, asije akashangaa.

Julien, usiniandikie tena. Hakuna neno unaloweza kuweka kwenye karatasi ambalo nitaliamini, na hilo tumelifanya sisi wawili. Toka tu uani. Nitasimama getini nimemshika Laurence mkono mpaka mtu atoke. Akitoka mwingine na shati lako, nitapiga kelele Himbi yote isikie. Ukitoka wewe, sitasema kitu, nitakutazama kwanza.

Olive